Soko la kaboni halinunui mti, linanunua "ingekuwa"



Ku mazungumzo ya mwisho ya chama chetu hapa Kisangani, mugeni mumoja alisimama na projekta yake, akatuonyesha picha ya pori ikichukuliwa toka juu, kijani kibichi kufika mwisho wa macho. Kisha akasema: "Kila asubuhi miti yenu inaamka kazini, na soko la kaboni linailipa mushahara." Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, sikatai. Ilikuwa sentensi tamu, na jua lilikuwa kali, na tulikuwa tumeahidiwa kinywaji baridi.

Nilipopanda toleka kurudi Mangobo, ile sentensi ilianza kunikwaruza. Mimi nilisoma mambo ya misitu. Nimezunguka na utepe kupima miti zaidi ya nilivyozunguka na kalamu. Nikajiuliza: ni wapi, katika mikataba yote ile niliyosoma, mti ulilipwa juu ya kukua? Nilitafuta kwa kichwa, sikupata. Njo maana naandika leo. Sipigani na yule mugeni, alikuwa mutu mwema. Ninayoikosoa ni ile sentensi, juu sasa tunaisikia kila mahali, ku redio, ku mikutano, mu hotuba za "nchi-suluhisho", na sisi wenye diploma njo tunaoitafsiri ku vijiji.

Tuanze na mti wenyewe, kwa sababu wengi wanaosema juu yake hawajawahi kumushika kiuno.

Mti unapimwa ku kifua cha mutu, mita 1,30 toka chini. Kama una mizizi-mbawa, ile inayotoka pembeni kama kuta, unapanda juu yake na ngazi, unapima pale shina linaanza kuwa la mviringo. Unapiga rangi pale ulipopitisha utepe, ili mwaka wa 5 mwenzako apitishe palepale. Halafu unangoja. Kazi yetu kubwa ni hiyo ya kungoja. Mti mukubwa wa pori ya Tshopo unaweza kukuonyesha milimita chache tu kwa mwaka. Kuna mingine midogo, iko chini ya kivuli cha wakubwa wake, unaweza kufikiri ni mitoto, kumbe ni mizee kuliko babu yako.

Hii ya mwisho si hadithi ya moto wa jioni. Kule Luki, mu Mayombe, Kongo ya Kati, tangu mwaka 1948 watu wa INEAC walipigilia miti misumari yenye vibao vya namba, wakawa wanaifuata. Wabelgiji walienda, karatasi zikabaki, misumari ikamezwa na ubao. Miongo mingi kisha, watafiti wa Tervuren na wenzetu wa hapa walirudi, wakaitafuta ile miti, wakakuta alama za misumari ndani ya shina. Ukijua mahali ubao ulikuwa mwaka 1948, unajua umeongeza kiasi gani tangu siku ile. Wannes Hubau na wenzake waliandika matokeo mwaka 2019: miti ya chini ya kivuli inakua polepole sana, na kaboni inakaa ndani yake kwa muda murefu kuliko watu walivyofikiri. Mti mwembamba kama mukono wangu unaweza kuwa benki ya zamani.

Mwaka 2020, Hubau na timu kubwa zaidi walitoa hesabu ya Afrika muzima katika jarida la Nature: viwanja 244 vya kupimia, nchi 11, pori ambayo haijaguswa, vipimo toka 1968 mpaka 2015. Ukichukua yote miti imeongeza kwa kukua, ukatoa yote imepotea kwa kufa, inabaki tani 0,66 za kaboni kwa hekta kwa mwaka. Ndiyo mushahara halisi wa kazi ya pori. Geuza kaboni kuwa gazi ya CO2, unazidisha mara 3,67, unapata tani 2,4 hivi. Na onyo lao lilikuwa baya: uwezo huo ulianza kuchoka kama mwaka 2010, na mwaka 2030 unaweza kuwa chini kwa 14% kuliko ulivyokuwa 2010 mpaka 2015. Joto na ukame vinakula kazi ya miti. Ile ya Amazonia ilianza kuchoka hata mbele ya yetu.

Hapa karibu, ku Yangambi, tangu 2020 kuna munara wa mita 55 unaoitwa CongoFlux, unapita juu ya vichwa vya miti, unapima gazi gani inaingia pori na gani inatoka, saa kwa saa, usiku na mchana. Mutu akitaka kujua kama miti "imeamka kazini" asubuhi, pale njo mahali pa kuuliza. Nawaambia bila haya kwamba ni kitu cha kujivunia.

Sasa twende ku soko, tuone kama ile namba ya Hubau iko ku meza ya bei.

Chukua muradi wa kwanza mukubwa wa aina hii katika nchi yetu, ule wa kando ya ziwa Mai-Ndombe. Wildlife Works na mwenzake ERA walisaini na Leta mwaka 2011 mukataba wa kuhifadhi karibu hekta 300.000, ambazo mbele zilikuwa eneo la kukata mbao. Andiko la muradi lilihesabu kwamba katika miaka 30 litazuia tani milioni 175 hivi za CO2. Wandugu, kamateni kalkuleta. Milioni 175 kugawanya kwa hekta 300.000, halafu kwa miaka 30: ni tani 19 na zaidi kidogo kwa hekta kwa mwaka.

Pori inafanya 2,4. Andiko linauza 19. Ni mara 8.

Mutu atasema: basi ni wizi! Apana, ngojeni kwanza, mambo haiko rahisi vile. Hakuna mutu aliyedanganya kwamba miti ya Mai-Ndombe inakua mara 8 kuliko miti mingine ya Afrika. Kukua hakumo kabisa ndani ya ile 19, ama kumo kama chumvi tu. Kilichomo ni kufa. Andiko linasema: kama sisi hatungefika, pori hii ingekatwa, ingeunguzwa, ingelimwa, na kaboni yote iliyokusanya kwa karne nyingi ingepanda hewani. Tumezuia. Tulipeni kile ambacho hakikutokea.

Kwa Kifaransa na Kiingereza wana jina safi la kitaalamu kwa ile picha ya pori iliyokufa. Mimi naiita "ingekuwa". Krediti moja ya kaboni ya namna hii ni toleo: unachukua "ingekuwa", unatoa "imekuwa", kinachobaki unauza. "Imekuwa" tunaweza kuipima, kwa utepe, kwa satelaiti, kwa munara. "Ingekuwa" hakuna utepe wake. Hakuna mutu aliyewahi kupigilia "ingekuwa" musumari.

Sasa tuone ile "ingekuwa" ilikuwa kubwa kiasi gani. Simon Lewis na wenzake, mwaka 2013, walipata kwamba hekta moja ya pori ya Afrika inabeba kwa wastani karibu tani 396 za ubao mukavu juu ya bulongo. Nusu yake ni kaboni: 198. Kwa CO2, ni 726 hivi. Muradi ulihesabu kuzuia 583 kwa hekta katika miaka 30. Yaani ule ulimwengu wa "ingekuwa" ni ulimwengu ambamo sehemu 4 juu ya 5 za pori lote la muradi zimekwisha. Nakubali ni hesabu ya mukono wangu, ya wastani wa bara. Ukiongeza mizizi, inashuka kufika sehemu 2 juu ya 3. Sawa. Hata vile, hebu mufikiri: hekta 300.000, pori la maji na matope, barabara mbovu, mizigo inapita kwa balenyere, na sehemu mbili juu ya tatu zote zinakwisha mbele ya mutoto aliyezaliwa siku ya kusaini hajafikisha miaka 30!

Walifikaje kule? Kampuni ya mbao katika Afrika ya Kati kwa kawaida inachukua mti 1 ama 2 kwa hekta. Peke yake haiwezi kumaliza pori. Basi andiko lilieleza maporomoko: kampuni inafungua njia, nyuma ya njia wanakuja watu wa makala, nyuma ya makala wanakuja wenye jembe, mpaka inabaki majani. Na ili kuonyesha mwendo wa maporomoko hayo, walitafuta mahali ambapo yameshatokea. Walichagua Mayombe.

Ndiyo, Mayombe ileile ya misumari. Mahali penye Boma na bandari yake, ambapo treni ilipita mpaka Tshela toka zamani za wakoloni, ambapo watu wamejaa na mbao inakatwa tangu nyakati za Leopold. Watafiti walioandika mwaka 2016 juu ya "uchumi wa mawazo" wa miradi hii, Alain Karsenty akiwa mumoja wao, walisimama palepale: je, kaskazini ya Bandundu ya zamani ingekuwa Mayombe kweli, na kwa haraka vile? Mimi ninaona swali lao lina nguvu. Ukichagua ndugu mugonjwa sana ili kuonyesha wewe ungeumwa namna gani, dawa yako itauzwa bei kali.

Haki iko na pande mbili, basi niseme na hii: lile eneo lilikuwa kweli la wakata mbao, haikuwa tishio la kuota usiku. Na nchi yetu inapoteza karibu nusu milioni ya hekta za pori la asili kila mwaka. Anayesema hakuna hatari kule hajasafiri. Shule zimejengwa kwa pesa ya krediti, watoto wanasoma ndani. Sichezi na hiyo. Ninachosema ni kwamba ukubwa wa hatari aliupima yule anayeuza ukombozi, na hapo hata mutu wa haki mukono wake unateleza.

Tena haiko Mai-Ndombe peke yake. Mwezi wa 8 mwaka 2023, Thales West na wenzake walichapisha ku jarida la Science uchunguzi wa miradi 26 katika nchi 6: Peru, Kolombia, Kambodia, Tanzania, Zambia na Kongo yetu. Wao hawakukubali "ingekuwa" ya muuzaji. Kwa kila muradi walijenga pacha kutoka vipande vya pori linalofanana nao, lisilo na muradi, wakafuata wote wawili. Krediti milioni 89 zilizotarajiwa, walipata ni milioni 5,4 tu zenye kitu cha kweli nyuma yake. Kama 6%. Verra, shirika linaloandikisha krediti hizo, ilikataa njia yao ya kulinganisha, na kweli kujenga pacha wa pori nayo si kazi safi. Miradi mingine ilipata matokeo mazuri. Lakini mwezi wa 11 mwaka uleule Verra yenyewe ilitoa kanuni mupya, ambamo muuzaji hachagui tena mahali pa kulinganisha: anapewa sehemu yake kutoka hesabu ya eneo lote. Mutu habadilishi kufuli kama mulango ulikuwa unafunga vizuri.

Nimekaa sana ku namba. Sasa nije ku kitu kinachoniuma.

Kama bidhaa ni "ingekuwa", basi mwenye mali ni nani? Ni yule anayeweza kuonyesha tishio. Aliye na kibali cha kukata, anaweza kuuza kutokata kwake. Aliye na mashini, anauza kunyamaza kwa mashini. Na yule ambaye hakuwahi kuwa na mashini, ambaye babu yake na babu wa babu yake walikaa na pori lile bila kulimaliza, huyo anauza nini? "Ingekuwa" yake na "imekuwa" yake ni kitu kimoja. Ukitoa, unapata sifuri. Katika soko hili, uaminifu wa miaka 200 ni sifuri.

Alexandra Tyukavina na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba pori la bonde la Kongo linalopotea, 84% ni juu ya mashamba madogo ya mukono, si juu ya kampuni kubwa. Sasa angalia vile mambo imepinduka. Yule anayeshika jembe, ambaye kweli mwendo wake unaamua kama pori itabaki, ku karatasi anaitwa "hatari". Yule anayeshika kibali njo anaitwa "mwenye muradi". Mama anayelima muhogo kwa kukata parasolie za shamba lililopumzika miaka 8 anahesabiwa kati ya maadui, wakati yule aliyepanga kukata miti ya karne 3 analipwa juu ya kubadili roho.

Lile shamba lililopumzika, tena, njo mahali ambapo miti inakua kwa haraka kweli. Parasolie inapanda kama kijana wa miaka 15. Mama akiacha shamba lake lilale miaka 20 badala ya 8, hewa inapata faida inayopimika kwa utepe, bila "ingekuwa" yoyote. Nani amekuja kununua ile? Shamba ni dogo, mama ni wengi, gharama ya kupima ni kubwa kuliko bei. Soko linapenda hekta 300.000 zenye saini moja.

Kuna wanaouza kukua kwa kweli, nisiwasahau: wapandaji. Ibi, ku nyanda za Bateke, walipanda akasia juu ya savana pamoja na muhogo, na hesabu yao ni rahisi kuamini juu mbele kulikuwa majani. Ku Kivu ya Kaskazini, EcoMakala walipandisha wakulima miti ya makala ili watu wasiende kukata mu Virunga. Kazi nzuri, mimi naiunga mukono. Lakini akasia ni shamba la miti; pori ni kitu kingine, na kaboni yake inapanda haraka na inaweza kushuka haraka, siku ya moto ama siku ya makala. Mutu asije akatuambia kwamba hekta moja ya akasia inajibu hekta moja ya limbali.

Na bado sijataja matope ya Kati. Ile nyasi-matope ya Cuvette, kilomita za mraba karibu 167.600 kati ya nchi yetu na Brazzaville, inashika kaboni kama tani bilioni 29 chini ya maji, Corneille Ewango wa hapa UNIKIS akiwa kati ya waliosaidia kuijua. Haikui kama mti, haionekani ku picha ya projekta. Itabaki pale kama maji yatabaki. Siku soko litaifikia kwa nguvu, ninaogopa njia itakuwa ileile: mutu wa kwanza kulipwa atakuwa mwenye kibali cha kuchimba petroli.

Turudi kwetu, wenye diploma. Kazi inayopatikana mu mambo haya kwa vijana wetu ni mbili: kupima na kutafsiri. Kupima tunajua. Kutafsiri, wandugu, pale tunafanya dhambi kubwa. Nimesikia mwenzetu akiambia kijiji: "Wazungu wanakuja kununua hewa yenu." Mwingine, juu neno "kaboni" lilikuwa linasumbua, alisema "makala iliyo ndani ya miti". Siku ile mama wawili waliondoka mbele ya mukutano kwisha, wakaenda kusema ku jirani kwamba watu wa mujini wanataka kuchoma pori lote kufanya makala. Tulicheka njiani. Lakini afadhali wao, walisikia kwamba kuna moto mahali fulani ndani ya ile hesabu! Yule wa kwanza alidanganya zaidi. Hewa haiuzwi. Kukua hakuuzwi. Kinachouzwa ni ahadi ya kijiji kutofanya kitu kwa miaka 30, na bei ya ahadi inategemea andiko linavyowachora wabaya. Semeni vile. Ni maneno machache, Kiswahili kinayo yote.

Na tukisema vile, kijiji kitauliza maswali ya kweli. Nani aliandika "ingekuwa" yetu, na tuisome wapi? Leta inasema bulongo ni lake, tangu sheria ya 1973. Sasa "ingekuwa" ni ya nani? Ile Mamlaka ya soko la kaboni iliyoundwa 2023, mulango wake uko wapi kwa mutu wa Opala ama wa Isangi? Na kwa nini tusianze na musitu wa jamii, ambao dekreti ya 2014 inaruhusu kufika hekta 50.000, bila mwisho wa muda, kwa jina la kijiji chenyewe? Ni kweli, kijiji chenye musitu wa jamii kinachotunza vizuri kitakuwa na "ingekuwa" ndogo na krediti chache. Lakini kitakuwa na pori, na karatasi ya pori, na siku bei ikianguka hakitabaki na mukono mutupu. Benki ya Dunia ilisaini na nchi yetu mwaka 2018 kununua tani milioni 11 kutoka jimbo lote la Mai-Ndombe kwa dola 5 tani moja. Dola 5. Ukiilipa kazi halisi ya pori, ile 2,4 ya Hubau, kwa bei hiyo, ni dola 12 kwa hekta kwa mwaka. Si utajiri, ila ni pesa inayoweza kuelezwa kwa mama bila kupepesa macho. Mimi ningependa kuona mukataba mumoja tu, hata mudogo, unaolipa namba ile: muliyoyatunza, tumeyapima, haya ni yenu.

Nimalize na muzee mumoja wa kando ya muto, mahali nilifanya kazi ya kupima na kutafsiri kwa muradi ambao siutaji. Tulikuwa tumeeleza asubuhi muzima. Alisikiliza, akaomba neno, akasimama na fimbo yake. "Muwana," aliniambia mimi, si wakubwa wangu, "nimeelewa. Munalipa yule ambaye hataki kukata tena. Sasa mimi ambaye sikukataka hata siku moja, ningenunua kwanza mashini, kisha ndio munilipe?" Mukubwa wa timu aliuliza amesema nini. Nilitafsiri neno kwa neno. Alicheka, akasema muzee ana akili, akatazama saa.

Jioni, wakati wengine walikuwa wanafunga vitu ku pirogi, muzee alinivuta mukono mpaka nyuma ya nyumba yake, ku limbali moja kubwa. Aliniomba niipime. Nilipitisha utepe ku kifua: sentimita 94. "Andika," alisema. Ule mti ulikuwa inje ya kiwanja chetu, hatukuwa na fomu yake. Niliandika mu kijitabu changu cha mufukoni, na tarehe, na nikapiga rangi palepale nilipopima.